Begi la Siku Mbili

Jumatatu, 6 Mei

Daktari ameniagiza niandike: nimekula nini, maumivu yamekuja saa ngapi, yamekaa muda gani. Nikamwambia amempata mtu wake. Miaka kumi na tisa nimekuwa fundi wa maabara ya shule ya sekondari, na kazi yangu yote ni kupima na kuandika. Wanafunzi wananiita Mama Vipimo. Wanadhani sijui.

Altrasaundi imeonyesha mawe matatu kwenye mfuko wa nyongo, moja kubwa kama punje ya hindi.

"Yameingilia wapi?" nikauliza.

"Hayakuingia. Yametengenezwa humohumo na nyongo yako mwenyewe, taratibu, labda kwa miaka."

Miaka! Nimekuwa natembea na kiwanda tumboni na sina habari. Nilikuwa na maswali kama kumi hivi, lakini foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mfuko wote utatolewa kupitia matundu manne madogo. Nitalazwa tarehe 5 Juni, nikae siku mbili. Nikauliza kama nitaruhusiwa kuondoka na mawe yangu. Daktari akacheka. Mimi sikuwa natania.

Jumanne, 7 Mei

Mvua kutwa. Mkate na chai ya rangi. Hakuna maumivu.

Ijumaa, 10 Mei

Mayai mawili ya kukaanga saa mbili asubuhi. Maumivu saa tatu kasorobo, chini ya mbavu za kulia, dakika hamsini. Kinachonishangaza ni kwamba yalipanda mpaka begani. Bega linahusikaje na nyongo? Nimemuuliza mwalimu wa baiolojia, akasema ni mambo ya neva, halafu akatazama saa yake. Nadhani naye hajui.

Jumapili, 12 Mei

Mume wangu amemwambia dada yake. Nilimsihi asimwambie, lakini mume wangu ni kinyozi; mdomo wake na mkasi wake vimezoea kwenda pamoja.

Wifi ni mshonaji wa sare za shule, anaishi peke yake mitaa miwili kutoka kwetu. Hakuna anachokitupa, ndiyo maana mume wangu anamwita Bohari. Tumekuwa mawifi miaka ishirini na miwili, na sikumbuki siku aliyoondoka kwangu bila kuhamisha kitu kutoka mahali nilipokiweka. Leo kaja anaburuta sanduku lenye magurudumu matatu. La nne liling'oka zamani.

"Wifi, unalazwa lini?"

"Tarehe tano mwezi ujao. Siku mbili tu."

"Siku mbili za nani? Za daktari au za mwili wako?"

Akafungua sanduku katikati ya sebule: shuka mbili, flaski, bakuli lenye kifuniko, uma, kijiko, magauni matatu, ndala jozi mbili, vibanio vya nguo, kamba, mwavuli. Na pasi.

"Pasi ya nini, wifi? Nitanyoosha nguo za madaktari?"

"Utaniambia," akasema, akafunga zipu.

Jumatano, 15 Mei

Hospitali imetoa karatasi ya nusu ukurasa. Nguo za kulalia, vifaa vya usafi, ndala, dawa unazotumia, kadi ya bima, karatasi za vipimo. Vito na vitu vya thamani vibaki nyumbani. Kucha zisiwe na rangi.

Hilo la rangi limenitia udadisi, nikampigia simu muuguzi aliyenipa karatasi. Kumbe wakati umelala wanakubana kidole na kifaa kinachopitisha mwanga kwenye ukucha kupima hewa iliyomo kwenye damu. Rangi inaweza kukizuia kuona. Nimetazama kucha zangu jioni nzima.

Jumamosi, 18 Mei

Nimefanya majaribio. Mume wangu alinibandika vipande vinne vya plasta tumboni, mahali matundu yatakapokuwa, kisha nikajaribu nguo moja moja nikijifanya siwezi kujikunja. Gauni la kuvalia kichwani: haliwezekani bila kuinua mikono yote miwili. Suruali ya mpira kiunoni: mpira unapita juu ya plasta ya kitovu. Gauni la vifungo mbele, pana, la mikono mifupi: limeshinda. Mikono mifupi kwa sababu ya dripu.

Ndala nilizijaribu kwenye sakafu ya maabara iliyomwagiwa maji ya sabuni. Zile mpya nzuri ziliteleza. Za zamani, zenye soli iliyochakaa upande, zilishika. Sielewi. Nitazijaribu tena Jumatatu.

Begi langu kwenye mizani: kilo tatu na gramu mia sita. Sanduku la wifi: kilo kumi na nne.

Jumatatu, 20 Mei

Ndala za zamani zimeshinda tena.

Jumapili, 26 Mei

Wifi kaja na mto mdogo alioushona mwenyewe kwa vitambaa vya sare, bluu na kijivu. "Wa kukumbatia tumboni ukikohoa," akasema. Nikamwambia sina kikohozi. Akaniangalia kama mtu anayetazama mlango ambao hakuna aliyeufungua.

Tuligombana kidogo. Nilimwambia kwamba mwili ni wangu na begi ni langu. Akasema sawa, na kabla ya kuondoka akahamisha begi kutoka juu ya kiti kwenda juu ya kabati.

Jumapili, 2 Juni

Nyama ya kuchemsha bila mafuta. Maumivu dakika ishirini. Mvua imeingia maabara kupitia dirisha la tatu.

Jumanne, 4 Juni

Kesho. Nimepanga begi kwa mara ya mwisho. Magauni mawili ya vifungo, chupi za kiuno kirefu, taulo, mswaki, sabuni, mafuta ya midomo (muuguzi anasema midomo hukauka sana), chaja yenye waya wa mita mbili, miwani ndani ya kasha lake, ndala za zamani, bahasha ya vipimo, daftari hili. Mto wa wifi nimeuacha. Kichupa changu cha vidonge vidogo vya aspirini nimekitoa pia. Mwalimu wa historia ndiye aliyenizoesha kumeza viwili kila asubuhi kwa ajili ya moyo na magoti. Mimi sivihesabu kuwa dawa. Kwenye fomu ya hospitali, palipoulizwa dawa ninazotumia, niliandika: Hakuna.

Kilo tatu na mia mbili.

Mume wangu ameninyoa nyuma ya shingo bila kuombwa, kimya. Hajawahi kunyoa mtu akiwa kimya.

Jumatano, 5 Juni

Niko nyumbani. Nitaandika kwa mpangilio, maana nina hasira, na nikiandika na hasira nitaruka vitu.

Saa moja asubuhi tulikuwa wodini, mimi, mume wangu na wifi. Nilikuwa sijala tangu jana jioni. Kitanda namba nne, dirishani. Nilifurahi kama mtoto aliyepelekwa kiwandani: niliuliza habari za kitufe cha kumwita muuguzi, magurudumu ya kitanda, mshale mwekundu sakafuni unaoelekea chumba cha upasuaji. Muuguzi wa zamu, mama mmoja mwenye sauti ya taratibu, alinijibu yote huku akitoa vitu kwenye begi langu na kuvipanga kwenye kabati dogo.

Kisha akatoa kile kichupa.

"Na hizi unameza mara ngapi?"

Niligeuka kumtazama wifi. Alikuwa anatazama dirisha.

"Hizo si... Hizo ni aspirini tu," nikasema. "Mbili kila asubuhi."

"Ya mwisho lini?"

"Jana."

Akaweka kichupa juu ya faili langu, akatoka. Alirudi na daktari wa upasuaji, mwanamama mfupi mwenye kofia ya kijani kichwani. Akasoma fomu. Akasoma kichupa. Akanisoma mimi.

"Hapa umeandika hakuna."

"Sikuzihesabu kuwa dawa, daktari."

"Zinazuia damu isigande. Wewe si mgonjwa wa moyo, hakuna aliyekuandikia, na unameza kiasi kikubwa kila siku. Ningekupasua asubuhi hii, damu ingetoka nyingi kuliko kawaida, na mimi ningehangaika ndani ya tumbo lako nikitafuta nimekosea wapi." Akafunga faili. "Si dharura. Acha vidonge. Tukutane tarehe kumi na tisa."

Nilirudishiwa begi langu. Kwenye ngazi za nje nilimgeukia wifi.

"Nilikitoa kile kichupa. Nani alikirudisha?"

"Mimi. Asubuhi, ulipokuwa unaoga."

"Kwa nini unagusa vitu vyangu?"

"Karatasi imeandika dawa unazotumia. Wewe unazitumia. Nimekuona ukizimeza."

"Wiki mbili, wifi! Nimeomba ruhusa kazini, nimepanga kila kitu, nimekaa na njaa! Miaka yote unahamisha, unahamisha!"

Watu waligeuka. Mume wangu alishika begi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Wifi alifungua ule mwavuli, maana mvua ilikuwa imeanza, akanipa mimi, yeye akatembea mpaka kituoni akilowa.

Ijumaa, 7 Juni

Sijaongea naye.

Jumamosi, 8 Juni

Bado. Mume wangu ameuliza tutanuna mpaka lini. Nimemwambia anyoe watu.

Jumatatu, 10 Juni

Maabara, saa tano asubuhi, naandaa mtihani wa vitendo wa kemia. Nilikuwa nimebeba trei ya chupa ishirini na nne maumivu yalipokuja. Hayakuja kama siku nyingine. Yalinikaba ghafla, nikaweka trei chini (hakuna chupa iliyovunjika, nashukuru), nikakaa sakafuni nimeegemea kabati la asidi. Nilitapika kwenye ndoo ya mchanga. Mwalimu wa historia ndiye aliyenikuta, akanipeleka hospitali kwa gari lake, njia nzima akiniomba radhi kwa ajili ya aspirini.

Sindano mbili, dripu moja, saa nne za kulala kwenye kitanda cha mapokezi. Daktari yuleyule wa upasuaji alikuja kunibonyeza tumbo. Nikamwomba anipasue leoleo.

"Nikiona unazidiwa nitakupasua leo," akasema. "Lakini joto lako liko chini na maumivu yanapungua. Ukivumilia siku tisa, utakuwa salama zaidi."

Nikiwa nimelala pale nilikuwa na muda wa kufikiri jambo ambalo nimekuwa nikilipiga chenga tangu Jumatano. Mwanafunzi akiacha kuandika kitu kwenye jedwali kwa kuwa anaona ni kidogo, mimi humrudishia karatasi nzima. Mimi niliandika Hakuna. Mtu mmoja tu alisahihisha, nami nikamfokea mbele ya watu kwenye ngazi.

Jumanne, 11 Juni

Nimekwenda kwake kwa miguu, polepole. Alikuwa kwenye cherehani, anashona kola.

"Wifi, nimekosa," nikasema mlangoni.

"Kaa kwanza, umekuwa wa njano," akasema.

Hatukuongea zaidi kuhusu hilo. Nilikaa nikatazama anavyogeuza kola: anashona ndani nje, anachoma ncha kwa sindano, inatoka kali kama kisu. Nikamwomba anionyeshe tena. Akanionyesha mara tatu. Kwa miaka yote hii nilikuwa sijawahi kukaa kwenye chumba anachofanyia kazi. Kila kipande cha kitambaa kimefungwa na kuandikwa shule, mwaka, kipimo. Bohari, ndiyo, lakini bohari lenye leja.

Jumapili, 16 Juni

Begi tumelipanga wawili. Mto umeingia. Magauni matatu badala ya mawili. Ndala jozi mbili, nimeshindwa hoja. Biskuti kavu. Pasi nimekataa, naye akakubali haraka mno, nikashuku hakuwahi kuitaka.

Kilo sita kamili.

Alhamisi, 20 Juni

Mwandiko mbaya kwa sababu ya dripu.

Jana saa tatu asubuhi nilisukumwa kufuata ule mshale mwekundu. Taa ya chumba cha upasuaji ina balbu saba, kama ua. Daktari wa usingizi aliniambia nihesabu kurudi nyuma kutoka mia. Nilikuwa nimekusudia kukumbuka namba ya mwisho. Ni tisini na sita. Baada ya hapo hakuna kitu, hata giza halipo. Sijui nilitarajia nini.

Nilipoamka midomo ilikuwa imekauka kama karatasi, na mkono wa wifi ulikuwa tayari unanipaka mafuta. Bega liliniuma kuliko tumbo. Leo daktari amenieleza: hewa waliyonijaza tumboni inasumbua ule msuli wa kupumulia, na neva ya msuli huo inatokea shingoni pamoja na za bega. Amenichorea nyuma ya faili. Hatimaye!

Kumbe mawe yalikuwa matano, na mfuko ulikuwa umevimba kwa lile shambulio la maabara, kazi ikachukua saa mbili badala ya moja. Sitatoka kesho. Nitatoka Jumamosi. Mawe nimepewa kwenye kikopo. Ni ya kijani iliyoiva, yana pembe, yamesuguana mpaka yakalingana ubavu kwa ubavu. Wifi amekataa kuyashika. Mume wangu ameyapeleka kuwaonyesha wateja.

Nilikohoa saa nane mchana. Nikakumbatia mto. Sitaeleza zaidi, anayetaka kujua ajaribu kukohoa bila mto.

Ijumaa, 21 Juni

Kitanda namba tano ameletwa dereva wa basi la shule, mama wa makamo, amepasuliwa kidole tumbo usiku kwa dharura. Alianguka kazini. Hana chochote. Amekuja na sare yake na funguo za basi, na asubuhi bado alikuwa amezikamata mkononi. Ndugu zake wako mbali, wanakuja kesho.

Wifi alifika saa nne kuniona. Alisimama mlangoni, akatazama kitanda namba tano, na uso wake ukabadilika. Hakunisalimia. Alifungua kabati langu, akatoa gauni la tatu, jozi ya pili ya ndala, kitana, nusu ya sabuni aliyoikata kwa kisu. Akaketi pembeni ya yule mama, akaanza kumchana nywele, mtu asiyemjua hata kwa jina.

"Dada, usijisumbue," yule mama akasema.

"Nyamaza upumzike," akamjibu. "Mimi nipo mpaka ndugu zako waje."

Alikaa naye mpaka wageni walipotolewa. Mimi nilikuwa nimelala ubavu nikiwatazama, na sikuona wivu. Nilijiuliza tu: huyu mtu ni nani?

Jumamosi, 22 Juni

Nimeruhusiwa. Naandika nyumbani, nimeegemea mito mitatu.

Saa tano muuguzi alileta fomu ya kutoka. Mahali pa chini pameandikwa "Ndugu anayemchukua mgonjwa," na wifi akapewa kalamu. Aliiweka kwenye karatasi, haikusogea. Muuguzi akadhani hajui kusoma, akaanza kumweleza. Wifi akasaini haraka, akatoka na begi.

Tulikaa kwenye benchi la mapokezi kumsubiri mume wangu, aliyekwenda kuazima gari. Mvua ilikuwa inapiga bati, watu wachache. Nikamuuliza kalamu ilikuwa na nini. Nilidhani atabadilisha mazungumzo.

"Mimi ile fomu nilijisainia mwenyewe," akasema.

"Lini?"

"Mwaka mliooana. Nilitolewa kizazi. Nilikaa hapa siku nne."

Nilijua alilazwa. Tuliambiwa ni tumbo. Nilikuwa bibi harusi wa miezi miwili, nikadhani mama mkwe yuko naye. Nilimwambia hivyo.

"Mama alidhani ninyi mko nami, maana mlikuwa mnakaa karibu," akasema. "Kila mtu alidhani mwenzake yupo. Nilikuja na mfuko wa nailoni, gauni moja. Siku ya pili likachafuka. Nilirudi nyumbani nimevaa gauni la maiti wa kitanda cha pili, dada yake alinipa. Pale kwenye ndugu, muuguzi akasema lazima pajazwe. Nikaandika jina langu."

Mwili wangu wote ulitaka kuinama na tumbo halikuruhusu. Nikasema nisamehe, wifi. Nikasema sikujua. Nikasikia jinsi maneno hayo yalivyo mepesi.

"Nilikuchukia miaka kama kumi hivi," akasema, kwa sauti ileile anayotajia vipimo vya kiuno. "Nilikuja kwako kila Jumapili nikikuchukia. Baadaye nikachoka, nikaendelea kuja tu."

"Mbona hukusema?"

"Hakuna aliyeuliza."

Simu yangu ikalia. Mume wangu alikuwa amefika getini, gari la watu, mvua kubwa, tutoke haraka. Wifi akainuka, akashika begi. Nikamvuta gauni akae.

"Naomba unisimulie," nikamwambia. "Tangu siku ya kwanza. Uliingia saa ngapi, ulilala kitanda gani, nani aliongea nawe, uliogopa nini. Yote."

"Ni habari ndefu, wifi."

"Nasikiliza."

Akaweka begi chini, akavua viatu vilivyolowa na kuvipanga pembeni ya benchi. Nikamwambia mume wangu azime gari.